Mkanda wa Baba Kwenye Mashine ya Tatu

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Mama Shuka amesimama ofisini kwa mthamini, kidole kimeganda kwenye mstari wa tatu wa ripoti, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Wapo wasomaji walioniandikia wakisema bila shaka ameona bei kubwa, presha ikampanda. Poleni sana. Bei ilikuwa ndogo, na ndogo ndiyo aliyokuwa akiiomba usiku na mchana, maana safari hii yeye ni mnunuzi.

Kwa aliyeungana nasi leo, nitasema upesi. Mama Shuka na mdogo wake wa kiume walirithi kwa baba yao kiwanda cha kufulia shuka za hoteli na hospitali, nusu kwa nusu. Tangu hapo dada kafua miaka kumi na tisa. Mdogo kabeba mkoba wa ngozi miaka hiyo hiyo kumi na tisa, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mkoba. Sasa Mkoba kasema amechoka, anauza nusu yake. Mama Shuka na mumewe wakauza kiwanja chao, kile walichokuwa wajenge nyumba, ili hiyo nusu isiende kwa mgeni. Bei apange mthamini. Malipo saa sita mchana kwa wakili.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu asubuhi.

"Nisomee hapa," Mama Shuka alisema hatimaye. "Soma kwa sauti."

Mthamini alivaa miwani. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, wa kunoa penseli kwa wembe.

"Huu ni mstari C. Nilikueleza, mama. Mwenye kuuza mbuzi huulizia mbuzi wa jirani kauzwa ngapi. Na mimi nimetafuta viwanda vya kufulia vilivyouzwa karibuni, vinavyofanana na chako. Nimepata mauzo manne. Majina sitaji, hiyo ni siri ya watu. Naviita A, B, C, D."

"Soma C."

"Iliuzwa nusu ya hisa, miezi minne iliyopita, milioni ishirini na mbili. Mashine tano, mbili mbovu. Boila lilinunuliwa kutoka kiwanda cha sabuni. Wafanyakazi kumi na mmoja ukimhesabu mlinzi. Mlango wa mashine ya tatu hufungwa kwa mkanda wa ngozi."

"Mkanda wa nani?"

"Hapa hapakuandikwa wa nani."

"Wa baba yangu!" Mama Shuka alipiga meza, penseli zikaruka. "Aliuvua kiunoni siku kitasa kilipovunjika, akafunga mlango, akarudi nyumbani kashika suruali kwa mkono. Nilikuwepo! Mzee, umekipima kiwanda changu kwa kukilinganisha na kiwanda changu!"

Mthamini alitazama karatasi. Akamtazama yeye. Akarudi kwenye karatasi.

"Haiwezekani," alisema. "Cha kwako nimekipa alama kumi zaidi ya C. Niliona C uongozi wake ni dhaifu."

"Dhaifu nani kasema?"

Hapo mthamini akafanya kosa la pili la asubuhi hiyo. Alifungua jalada alilopewa na dalali wa biashara, akasoma kama alivyozoea kusoma, bila kufikiri aliyeko mbele yake ni nani.

"Maelezo ya muuzaji. 'Msimamizi aliyepo ni ndugu wa familia, elimu yake ya msingi, hana mamlaka kwenye maandishi. Anaweza kuondolewa bila gharama.'"

Msomaji, wewe umewahi kusomewa mwenyewe kama samani ya kuachwa ndani ya nyumba inayouzwa? Mama Shuka alikaa chini. Mikono yake, iliyobabuka kwa magadi tangu akiwa msichana, aliifunika kwa mtandio kana kwamba imeona aibu. Elimu ya msingi. Aliacha shule ili ada ipatikane ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeiandika sentensi hiyo kwa mwandiko wake mzuri wa chuo.

"Mdogo wangu," alisema taratibu. "Kumbe nusu yake alishaiuza miezi minne nyuma. Na leo anataka kuniuzia tena, kwa kiwanja cha watoto wangu. Nimemlea mgongoni mimi. Kaiuza kwa nani?"

"Mama, siri za..."

"Siri gani tena, baba? Umenisomea na mkanda!"

Mthamini alikuwa na haya, na mtu mwenye haya hasemi uongo vizuri.

"Si mnunuzi mmoja. Ni kikundi. Wapo kumi na mmoja."

Kumi na mmoja. Ukimhesabu mlinzi.

Mama Shuka hakuaga. Alibeba ripoti, akashuka ngazi mbili mbili, akamwacha mthamini akiita kwamba ripoti bado haijapigwa muhuri.

Barabarani alimpigia mumewe. Mumewe ni mwalimu, na hundi ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, hundi ya benki ya fedha zote za kiwanja, chenji wangepewa kwa wakili; na hundi ya aina hiyo ikishatoka haina kurudi. Simu haipatikani. Ndiyo, yuko darasani, huzima mpaka mapumziko ya saa nne na nusu. Akaandika ujumbe huku anatembea: "Usimpe Mkoba hundi. Usimpe kabisa. Nitakueleza." Akatuma. Saa sita bado iko mbali, alijipa moyo.

Njia nzima aliwaza mambo ya miezi minne hiyo. Salamu za asubuhi zilizokuwa fupi. Wafanyakazi waliokuwa wakinyamaza akiingia. Chai waliyoanza kunywea nyuma ya boila badala ya mezani pamoja naye. Alidhani ni mshahara. Alidhani ni uzee wake, kwamba amekuwa na kelele. Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndiyo kazi yake.

Kiwandani mvuke ulikuwa umetanda kama kawaida. Mashine tatu zilikuwa zinazunguka, na ya tatu imefungwa kwa mkanda wa marehemu. Kwenye meza ndefu Bi Pasi, mkuu wa wapiga pasi, mwanamke wa miaka sitini na ushei aliyemfundisha Mama Shuka kukunja shuka kabla hajajua kujifunga lemba, alikuwa anakunja na mwenzake, pembe kwa pembe.

"Bi Pasi."

"Naam."

"Mmenunua kiwanda changu?"

Shuka ilisimama hewani. Mlinzi, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani na kuvua kofia. Mmoja baada ya mwingine wakaacha kazi.

"Tumenunua," Bi Pasi alijibu. "Umeuza, tukanunua. Ulitaka tufanyeje?"

"Nimeuza mimi?"

"Usinifanye mtoto. Miezi minne nakungoja uje useme, 'Bi Pasi, nimewauza, nisameheni.' Kila asubuhi unaingia na 'habari za kwenu, habari za kwenu,' kama mtu asiye na jambo. Nikasema moyoni, huyu si yule niliyemlea. Huyu kawa na uso mkavu."

"Anayeuza ni mdogo wangu! Kawauzia nusu yake!"

"Nusu yake?" Bi Pasi alicheka, kicheko kibaya. "Lete ile bahasha," akamwambia mlinzi.

Bahasha ilitoka kwenye kabati la sabuni, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni usiingie unyevu. Bi Pasi alipangusa mikono, akatoa karatasi, akaitandaza juu ya shuka safi.

Hisa zinazouzwa: nusu. Mwenye hisa: jina kamili la Mama Shuka, kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Na chini, saini yake.

Saini ni yake. Herufi zimepinda, zimelala upande kama zimelewa, lakini ni zake.

Akakumbuka. Mwezi ule wa operesheni yake, miezi minne iliyopita. Wodini, siku ya pili, dripu imechomekwa mkono wa kulia, kichwa kizito kwa dawa. Mkoba amekaa ukingoni mwa kitanda, kamletea machungwa, kammenyea na kumlisha kipande kwa kipande. "Dada, saini hapa, ni karatasi za kutoa vipuri forodhani. Na hapa. Na hapa." Mpaka akamshikia kalamu. Mama Shuka alimwambia muuguzi, tena kwa fahari, "Huyu ni mdogo wangu, asingekuwa yeye sijui ningekuwa wapi."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mwenzetu alikuwepo, amelala tu.

"Aliniuza mimi," alisema. "Si nusu yake. Nusu yangu."

Akawasimulia wodi, dripu na machungwa. Alisimulia amesimama wima, lakini alipofika kwenye machungwa sauti ilikatika, akalia mbele yao kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yake. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, na hakujificha.

Mlinzi ndiye aliyezungumza kwanza. "Sisi alituambia Dada amechoka nasi. Anauza kwa kampuni yenye mashine za kujiendesha, wote tunafukuzwa. Akasema, 'Mimi nawapenda, nitawafanyia mpango mnunue wenyewe, lakini mkimwambia atakataa kwa inda.' Niliuza ng'ombe wangu wawili."

"Mimi cherehani," alisema mwingine.

"Mimi mahari ya binti yangu niliidai mapema kwa wakwe zake, kama mkopo," alisema wa tatu, na hapo hata waliokuwa wakilia walimgeukia, maana jambo hilo hakuwahi kulisema.

Bi Pasi hakusema ameuza nini. Lakini Mama Shuka aliona, sasa ndiyo aliona, kwamba bangili zile mbili ambazo miaka yote zilikuwa zikigongana alipokuwa anapiga pasi hazikuwepo mkononi.

"Mwanangu," Bi Pasi alisema. "Miezi minne nimekuchukia bure."

"Na mimi nilidhani mmenichoka."

"Tumekuchoka, ndiyo, una kelele kama boila. Lakini kukuchoka ni kimoja na kukuuza ni kingine."

Wakacheka na machozi. Msomaji, nami nilitamani nikomee hapo. Lakini simu ilikuwa mkononi mwa Mama Shuka, na damu ilikuwa imemchemka. Alibonyeza namba ya Mkoba, akaweka sauti ya nje, akaweka kidole mdomoni wote wanyamaze.

"Dada! Nilikuwa nataka kukupigia sasa hivi. Mthamini amesema ngapi?"

"Milioni thelathini na nne."

"Ah, amenipunja kidogo. Lakini wewe ni damu yangu, siwezi kubishana na wewe."

"Mdogo wangu, nusu yangu iko wapi?"

Upande wa pili pakasikika mlango wa gari ukifungwa.

"Nusu yako... Dada, nani amekwambia maneno?"

"Nimeona saini yangu. Imelala kama mimi nilivyokuwa nimelala."

Mkoba hakukana. Hilo ndilo lililomuumiza dada yake kuliko yote, kwamba hakujisumbua hata kukana.

"Dada, nisikilize. Baba alikupa wewe funguo, mimi akanipa mkoba. Kila mtu mtaani anasema kiwanda cha Mama Shuka. Umewahi kusikia kiwanda cha Mkoba? Hata wewe mwenyewe hukuwahi kuniuliza ninataka nini. Na wewe ungeendelea kufua mpaka ufe, pawe na hisa pasiwe na hisa, wewe unafua tu. Kwa hiyo nikaona unahitaji kazi, huhitaji karatasi."

"Ulikuwa ukinilisha machungwa."

"Machungwa niliyanunua kwa pesa yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. Kisha akajikusanya. "Tazama uzuri wake sasa. Nusu yangu ipo, sijaigusa, naapa kwa kaburi la baba. Leo unainunua. Wao nusu, wewe nusu. Unarudi ulipokuwa. Nani kaumia?"

Akakata.

Wote walitazamana. Nani kaumia! Mtu kavua watu kumi na wawili nguo, halafu anauliza baridi inatoka wapi.

Ila Bi Pasi alikuwa ameanza kupiga hesabu kichwani, na polepole uso wake ukafunguka.

"Mwanangu, huyo ni nyoka, lakini kasema neno. Ukiinunua nusu yake, anatoka. Sisi kumi na mmoja tuna nusu, wewe una nusu. Kiwanda kinakuwa cha waliokifua. Halafu haki yako ile ya wodini tunaifuata mahakamani, na sisi ndio mashahidi wako."

"Mtakuwa upande wangu? Nikishinda kesi, karatasi yenu inakuwa si kitu."

"Ukishinda, utatutupa nje?"

"Nife kwanza."

"Basi. Lipa, atoke."

Mama Shuka alitazama mashine, meza, mafungu ya shuka nyeupe. Tangu alfajiri ilikuwa mara ya kwanza anavuta pumzi ikafika chini. Amedanganywa, ameibiwa, ametukanwa kwa maandishi, lakini kiwanda kingebaki mikononi mwa watu wanaokijua. Saa sita angempa Mkoba hundi yake, angemtazama machoni mara moja, na isingekuwepo mara ya pili. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, si ndivyo wanavyosema?

Wanasema vingi.

Mlinzi, mtu asiyeweza kuona karatasi akaiacha, alikuwa ameokota ripoti ya mthamini pale ilipoanguka. Alikuwa anasoma kwa kufuata kidole.

"Dada, hii A ni ipi?"

"Ile ya karibu na kituo cha polisi. Iliuzwa milioni tisini, ilikuwa na magari yake."

"Na B?"

"Ya yule mjane. Themanini na nne. C ndiyo sisi, tumeuzwa kama mitumba, ndiyo maana bei yote imeshuka."

"Na D?"

"D sikuisoma. Niliishia kwenye mkanda."

Mlinzi alisogea dirishani kwenye mwanga.

"'Nusu ya hisa za biashara ya kufulia, milioni ishirini na saba,'" alisoma. "'Thamani iko zaidi kwenye ardhi kuliko mashine. Kiwanja cha kona. Mtaro nyuma. Ukuta wa upande wa mtaro una ufa uliozibwa kwa saruji, wenye alama ya kiganja.'"

Aliinua mkono wake wa kulia, akautazama kana kwamba si wake.

"Ufa huo niliuziba mimi. Kiganja hicho ni changu. Saruji ilikuwa mbichi nikaegemea."

Bi Pasi alimpokonya karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Tarehe," Mama Shuka alisema. "Soma tarehe."

"Jumanne. Jumanne ya wiki hii hii." Leo ilikuwa Ijumaa. "Na hapa chini pana maneno. 'Kusudio la mnunuzi: kuipata na nusu iliyobaki, kisha kubomoa.'"

Kwa kaburi la baba alikuwa ameapa, dakika kumi hazijapita.

Nusu ya dada imeuzwa. Nusu ya mdogo nayo imeuzwa. Na bado kuna nusu ya tatu, ile isiyokuwepo duniani, inayongoja kununuliwa saa sita kwa kiwanja cha watoto.

"Hundi!" alisema Mama Shuka. "Hundi bado iko kwa Mwalimu. Hajatoa. Nilimwandikia."

Alitazama saa. Saa tano kasoro dakika kumi. Mapumziko ya shule yameshapita. Alikuwa anaanza kupiga namba ya mumewe simu ilipotikisika kiganjani, na ujumbe ukaingia. Aliusoma kwa sauti, maana sasa hakuwa na siri na watu wale.

"'Mke wangu, hongera! Kiwanda chote ni chetu. Shemeji kanifuata shuleni wakati wa mapumziko, kasema wakili ana safari tumalizane mapema. Nimemkabidhi hundi, tumekumbatiana, kaondoka na gari. Ndiyo kwanza nawasha simu naona umeandika nisimpe. Nisimpe kwa nini?'"